Muuza Omena Anayesaka Toleo la Mwisho

Saa moja asubuhi, Jumapili, soko la Kibuye, mjini Kisumu, bado linajipanga. Wauza mitumba wanakata kamba za marobota. Dorca Awuor ameshashusha magunia yake mawili ya omena, wale dagaa wa ziwani, lakini hayupo kwenye meza yake. Amechuchumaa ng'ambo ya njia, mbele ya rundo la karatasi kuukuu.

Anachomoa kitabu cha katuni. Anakinusa. Anapitisha kidole kwenye pini mbili za katikati, kisha anakiinua juani na kutazama karatasi zake kwa upande.

"Kuku," anasema, na kukirudisha.

"Wewe Dorca, hiyo ni karatasi, si samaki," anasema mwenye rundo, Habiba Saleh, ambaye sokoni wote humwita Mama Safia. "Unanusa nini? Unataka kupika?"

"Imefunga mandazi hii, Mama Safia. Mafuta imeingia mpaka kwa roho."

"Basi si ungekula!"

Wanacheka wote wawili. Mama Safia hununua karatasi kuukuu majumbani na maofisini, kisha huziuza kwa kilo kwa wauza njugu na wauza mandazi, ambao huzitumia kufungia. Kila Jumapili humruhusu Dorca kupekua kabla ya wao kufika. Dorca naye humpimia gorogoro ya omena, yaani mkebe mmoja, na kila mmoja huona amempunja mwenzake.

Dorca ana miaka ishirini na sita. Siku nzuri hupata faida ya shilingi mia moja, na siku ya mvua hurudi nyumbani na omena wake. Anaishi mtaa wa Migosi na mama yake, Seline, katika chumba cha kupanga. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati lililoinuliwa kwa matofali. Ndani yake mna vitabu vya katuni zaidi ya mia, vingi vya miaka ya sabini, vingine vya kabla ya hapo.

Amevigawa kwa madaraja matatu, na majina ya madaraja hayo ameyatoa kwenye biashara yake.

Omena aliyeanikwa juu ya wavu hukauka safi, aking'aa. Aliyeanikwa mchangani ni yuleyule, ila mlaji atasaga chembe kwa meno. Aliyenyeshewa na kuvunjikavunjika hununuliwa na watu wa chakula cha kuku.

Basi kitabu cha "wavu" kina karatasi zote, pini hazina kutu na jalada halijafifia. Cha "mchanga" ni kizima, ila kimepita mikono mingi, kimekunjwa au kuandikwa kwa kalamu. Cha "kuku" kina mafuta, kimenyeshewa, au kimepungua karatasi.

"Vitabu za kwanza alinunua Tom," anasema, akiziba mdomo kwa kiganja kama afanyavyo anapoona haya. "Lakini kupanga hivi ni akili yangu."

Tom Oketch ni kaka yake. Dorca alipoacha shule darasa la nne ili amuuguze mama yao, Tom alikuwa akibeba mizigo bandarini. Kwa mshahara wa kwanza alinunua mchele, sabuni na toleo la kwanza la "Mpiga Mbizi", hadithi ya picha iliyokuwa ikichapishwa Nairobi. Ilimhusu mzamiaji mmoja aliyetafuta vitu vilivyozama ziwani.

Jioni Tom alisoma Kiswahili cha kitabuni, kisha akakigeuza Kijaluo ili wote waelewe. Mzamiaji akivuta pumzi, naye Tom alivuta. Akizama, Tom alinyamaza.

"Alikuwa ananyamaza mpaka mtu anaogopa," anakumbuka Seline. "Hata mimi niliwacha ugali iungue nikingoja huyo mtu atoke kwa maji."

Dorca alijifunza kusoma upya kwa vitabu hivyo, akifuata kidole cha kaka yake.

Toleo la kumi na moja liliishia mzamiaji akiwa chini kabisa, kamba yake ya hewa imekatika, mkono mmoja umenyooka kuelekea nuru. La kumi na mbili ndilo lilikuwa la mwisho. Tom alilitafuta Kisumu nzima bila kulipata.

Mwaka 1983, Dorca akiwa na miaka kumi na minane, Tom alipata kazi kwenye chombo cha mizigo kilichokuwa kikienda Mwanza. Dorca alimsindikiza.

"Aliniambia, 'Nyaminwa,' yaani dada yangu, 'nikiipata huko, sitafungua. Na wewe ukiipata, usifungue. Tutafungua pamoja.' Nikamwambia sawa."

Baada ya miaka miwili, baharia mmoja aliwaletea salamu zake. Tangu hapo hawajasikia neno.

"Watu wananiambia amekufa," anasema Dorca. "Mimi nawauliza, nani alimzika?"

Alianza kupekua karatasi za Kibuye akitafuta toleo hilo moja. Vile vingine vilikuja tu njiani, akashindwa kuviacha. "Unaona kitabu mzuri inaenda kufunga njugu. Utapita tu?"

Mwaka jana nusura alipate.

Waliaula, fundi wa saa kutoka Kakamega, ni mkusanyaji pia. Alisikia habari za mwanamke wa omena mwenye sanduku la katuni, akaja kumtafuta mezani kwake. Nyumbani alikuwa na toleo la kumi na mbili, tena la daraja la wavu. Alichokosa ni la kwanza.

Dorca alimwonyesha lile la kwanza. Waliaula aliweka jichoni kioo chake cha kutengenezea saa, akatazama jalada lenye ziwa la buluu, akatazama pini, akashusha pumzi.

"Dada, hii uliweka wapi miaka yote?"

"Chini ya kitanda."

"Na panya?"

"Panya wa kwetu wanakula omena."

Walikubaliana kubadilishana baada ya majuma mawili. Dorca alilala macho siku kadhaa, kwa kuwa hicho ndicho kitabu cha mshahara wa kwanza wa Tom. "Mwisho nikasema, ya kwanza tulisoma. Ya mwisho hatujasoma. Wacha iende."

Siku moja kabla ya Waliaula kurudi, alfajiri, mvua ilipasua bati lililooza juu ya kitanda. Kitabu kilikuwa mezani, kimewekwa tayari, nacho kikalowa.

Dorca alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa omena angefanya. Alikipeleka Dunga, ufukweni mwa ziwa, akatandika wavu, akakifungua juu yake kando ya omena wake, akakibana pembe kwa vijiwe. Jua lilikuwa kali. Saa sita alikigeuza, na alipokigeuza tena alasiri karatasi zilikuwa zimekauka, zikilia chini ya kidole kama mpya. Alifurahi.

Kisha akakifunga na kuona jalada. Lile ziwa la buluu lilikuwa limegeuka rangi ya majivu.

"Jua inapenda omena," anasema polepole. "Sikujua inachukia rangi."

Waliaula alifika kesho yake na toleo la kumi na mbili likiwa limefungwa kwa kitambaa. Hakuhitaji kioo.

"Dada, umefanyia hii kitabu nini?"

"Ilinyeshewa. Nikaanika."

"Umeanika? Kwa jua?"

"Kwa wavu. Nikageuza pia."

Wanawake wa meza za jirani walicheka mpaka mmoja akaketi chini. "Ungeongeza chumvi!" akapiga kelele mwingine. Waliaula hakucheka. Alikifunga kitabu chake tena kitambaani.

Hata hivyo alimhurumia, akamwambia anaweza kulisoma toleo hilo palepale, amalize kiu. Dorca alikataa. Waliaula akaona basi amsimulie. "Huyo mzamiaji, mwishowe..." alianza, na Dorca akatia vidole masikioni, akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti, beti zote, mpaka mgeni akakata tamaa akaondoka.

Tulipomkuta kwenye kibanda chake Kakamega, Waliaula hakuficha kwamba jambo hilo linamsumbua. "Nilifikiria kumpa bure," alisema. "Lakini ninayo hiyo moja tu, na mimi nimetafuta miaka saba. Mtu mwenye kutafuta anaelewa. Hata yeye mwenyewe hakunilaumu."

Dorca anasema ni kweli, hamlaumu. Toleo la kwanza amelirudisha sandukuni. Amelitia daraja la kuku yeye mwenyewe, hakujipendelea, ingawa wakati mwingine hulitoa usiku na kulitazama.

Desemba hii anakusudia kupanda meli ya Mwanza. Amesikia kwamba "Mpiga Mbizi" iliuzwa huko pia, na kwamba kuna soko ambako karatasi kuukuu hupangwa mafungu kama mboga. Atauza omena wa kumlipia nauli, atapekua sokoni, kisha atashuka bandarini kuwauliza mabaharia. Mama Safia amekubali kumwangalizia meza, na Seline amefua nguo moja aliyoiacha Tom ili Dorca ampelekee, ikiwa bado itamtosha.

Wauza njugu wameanza kufika na kuvuta karatasi. Dorca anarudi mezani kwake mikono mitupu, anafungua gunia na kuanza kupima.

"Utakaa huko siku ngapi?" Mama Safia anamuuliza kutoka ng'ambo ya njia.

"Mpaka nipate."

"Kitabu ama ndugu yako?"

Dorca anajaza gorogoro, anaifanya kilele, anaimimina kwenye karatasi ya mteja.

"Nikipata kitabu peke yake, nitarudi nayo bila kufungua," anasema. "Nikipata Tom peke yake, atanisomea hata karatasi ya sabuni."