Kidonge Alichokionea Haya Baba

Mwaka ule baba aliacha kwenda msikitini, mama akadhani amegombana na imamu. Kumbe ni mkojo. Tezi dume ilikuwa imekua na kubana njia. Haja haikuisha, na katikati ya swala udhu ulimtoka. Baba yangu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeoga manukato kila Ijumaa, akawa anaswali chumbani, karibu na choo.

Wakati huo nilikuwa nauza dawa kwenye farmasi moja ya mtaa wa Kinindo. Asubuhi moja aliingia, akangoja wateja waishe, akanipa karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne. Nilipoisoma uso uliniwaka moto. Mjini dawa ile ilijulikana kwa kazi moja tu, ya kitandani.

"Dokta amekosea," alisema, akitazama rafu. "Mi niko na wajukuu. Watu watasema nini?"

"Apana, Baba, hajakosea."

Nikamweleza taratibu. Mwili hutuma ujumbe wa kuilegeza misuli ya kibofu na ya tezi. Kuna kimeng'enya, kemikali ya mwilini, kinachoufuta ujumbe huo upesi. Kidonge hukizuia, ujumbe unadumu, misuli inalegea, mkojo unapita.

"Basi ni ya mkojo."

"Kwako ni ya mkojo. Unakunywa dawa yoyote ya moyo?" Nilimuuliza hivyo kwa sababu baadhi ya dawa hizo haziendi pamoja na kidonge hicho, zinaweza kuua. Hakuwa akinywa yoyote. Akatia pakiti mfukoni kama mtu aliyeiba.

Siku ya tatu mama akanipigia simu. Alikuwa ameikuta pakiti chini ya godoro.

"We, baba yako amepata muke mungine?"

Nilipomaliza kumweleza, akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kile ndicho ninachokitamani zaidi sasa, wote wawili wakiwa wametangulia. Tangu siku hiyo mama mwenyewe alimwekea baba kidonge kando ya chai ya tangawizi.

Baba hakupona kwa siku moja. Wiki kadhaa zilipita, safari za chooni zikipungua kidogo kidogo. Ijumaa moja nilimkuta barazani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anatafuta kofia yake.

Alikaa sana huko msikitini. Swala iliisha, wazee wenzake wakamzuia uani kwa mazungumzo. Nyumbani pilau ikapoa. Aliporudi, mama akampashia sahani yake, akakaa mkekani kumsikiliza akisimulia nani amezeeka.