Ukuta wa Bibi Mwanaidi

Bibi yangu alikuwa anaitwa Mama Kinyesi. Chekeni mmalize, nasubiri.

Jina lake ni Mwanaidi. Hilo lingine alilipata siku kiongozi wa chama alipotembelea kitongoji chao, ndani ndani huko nyuma ya Mkata, mkoani Tanga. Bibi alikuwa anasiriba ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Mgeni akampa mkono. Bibi akaona kuukataa ni kukosa adabu, akaushika. Tena kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Jamani! Kuanzia hapo hata mama yangu huko shuleni akawa mtoto wa Kinyesi.

Ila ule ukuta haukuwa urembo tu. Kila mtu wa kitongoji Bibi alimchora pale, mkubwa na kitu chake mkononi, kwa udongo mwekundu, majivu na mkaa. Ukizaliwa, unachorwa. Ukiolewa pale, unachorwa kabla hujapika chakula cha kwanza. Mzee Bernardo, aliyekuja Korogwe kukata mkonge akaishia kulima muhogo jirani na Bibi, alizoea kujiita mtu wa kuja. Bibi akamchora ameshika kisu chake cha mkonge, katikati ya kaka wawili wa Bibi mwenyewe.

"Dada, mimi si wa ukoo huu."

"Sasa nikufute? Umeshakauka, tulia hapo hapo."

Toka siku hiyo Bernardo akaacha kusema kwao ni mbali.

Mwaka 1974 watu wakaambiwa wahamie kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Likaja lori na mgambo wanne, mmoja wao Rehani, mtoto wa kaka yake Bibi. Kazi yao kuezua mapaa, watu wasirudi.

Bibi hakugoma kuhama. Alitaka paa libaki, basi. Ukuta wa udongo bila paa, masika moja tu, kwisha.

"Rehani, na wewe upo pale, mgongoni kwa mama yako. Nimekuchora una siku saba."

"Shangazi, nimeagizwa."

"Niachie upande huu tu. Nyasi kidogo, baba."

"Sogea, shangazi, zitakuangukia."

Akapanda. Alianzia upande wa mbali, kama anampa shangazi yake muda, sijui muda wa kufanya nini. Bibi akafunika ukuta kwa mikeka yote ya kulalia, akaifunga kwa kamba. Huko walikohamia, familia nzima ikalala chini.

Mvua zilipokatika alirudi na Bernardo kwa miguu. Mikeka imeoza, ukuta umekaa chini kama ugali uliomwagika. Bernardo akachutama, akawa anapekua mabonge ya udongo, anajitafuta. Bibi akamwambia, "Twende, kaka."

Kijijini nyumba zilipangwa mstari, majirani wametoka vitongoji kumi. Mwenyekiti akamwomba Bibi achore kwenye ukuta wa ofisi, watu wakilima pamoja.

"Niwachore kina nani? Bado sijawajua."

"Chora watu tu, mama. Wowote."

Akachovya kidole kwenye udongo, akasimama mpaka ukamkaukia kidoleni. Akausiriba ukuta wote ukabaki mweupe, bila mtu hata mmoja, akaondoka. Hajachora tena mpaka leo.

Juzi nilienda maonyesho ya sanaa Tanga. Msanii kachora sura za watu wa mtaa wake ukuta mzima, sisi tunajipiga picha mbele yake kama tumelipwa. Nikamwonyesha Bibi kwenye simu. Akaisogeza simu karibu na macho, akauliza, "Hao wote anawajua?"

Nikasema ndiyo, nadhani. Akaanza kuhesabu wa kwake kwa vidole. Anasema walikuwa zaidi ya arobaini. Alifika kumi na mmoja akakwama, akaanza upya, akakwama pale pale. Sikuwa na la kumsaidia, mimi sikuwepo.

Kwa hiyo wewe unayesoma: kama babu au bibi yako alihamishwa kutoka vitongoji vya nyuma ya Mkata, muulize alichorwa ameshika nini. Niandikie hapa chini jina lake na hicho alichoshika, hata kama hana uhakika. Nitamsomea Bibi.