Siku Nilipoliamuru Ziwa Lijae

Mkicheka chekeni, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na mgongo umechoka. Ila mjue tangu mwanzo kwamba hakuna aliyenisukuma, sikulewa, sikurogwa. Ni ujuaji wangu mwenyewe tu, ule niliokuwa nikiulea kama mtoto wa pekee.

Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi, nami ni mwalimu mpya, kijana wa Maguu, kule milimani kwa Wamatengo, niliyekulia kwenye kahawa, nimepelekwa kufundisha kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa (jina la kijiji nalimeza, wajukuu wao wasinitafute). Nilikuwa katika mwaka wa kujaribiwa. Mkaguzi akija akaridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi Maguu kupogoa mibuni ya baba, na baba alikuwa ameshaitangazia parokia nzima kwamba mwanawe ni Mwalimu, tena analitamka kwa herufi kubwa.

Basi siku moja kabla ya mkaguzi kuja nikaona niwanoe watoto kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi si mtu wa kufundisha paka na kikombe kama walimu wa kawaida, nikaandika ubaoni "tide". Nikawaambia ni kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Nikawaambia tena kwamba hapo kale neno hilo halikuwa la maji hata kidogo, Waingereza walilitumia kwa maana ya wakati tu, ndiyo maana majira ya Noeli bado wanayaita kwa neno hilohilo, kisha wakaanza kuutaja hivyo wakati wa maji kujaa, mwishowe maji yenyewe yakarithi jina. Nikaongeza (nani aliniuliza?) kwamba padri mmoja Mswisi alinidokeza kuwa ni ndugu wa neno la kwao la wakati. Watoto midomo wazi. Nami kifua mbele.

Ndipo Agata, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa kwetu hiyo taidi inakuja saa ngapi?"

Lilikuwepo jibu fupi la heshima: sijui. Nilikuwa na wiki tatu tu pale, bahari sijawahi kuiona, na kwangu mimi maji yote yasiyovukika kwa mguu yalikuwa ukoo mmoja. Lakini Mmatengo mzima, tena msomi, aseme hajui mbele ya watoto wa Kinyasa? Thubutu! Nikasema, "Kesho, saa nne asubuhi." Saa nne niliichagua kwa akili nyingi sana, maana tungekuwa na mkaguzi darasani na hakuna ambaye angekumbuka.

Akili nyingi huondoa maarifa. Jioni nikasikia hodi, kumbe ni mama yake Agata, na nyuma yake wanawake wengine kama kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Agata anasema kesho ziwa linajaa. Sasa usipa wetu itakuwaje?"

Usipa ni dagaa wa ziwa lile, na wote ulikuwa umeanikwa mchangani, hatua chache tu kutoka majini, kazi ya wiki nzima. Hata hapo ningeweza kujinasua. Badala yake nikakunja uso kama hakimu. "Hamisheni kila kitu. Leteni darasani."

Mama Agata akalitazama ziwa, akanitazama mimi, akalitazama ziwa tena. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Asubuhi Bwana Mkaguzi akafika, mtu mweusi mwenzetu, mpole, suruali imenyooka. Akafungua mlango wa darasa akakutana na usipa: sakafuni usipa, juu ya madawati usipa, na watoto wangu wamejibanza ukutani wameshika pua. Joto la usiku lilikuwa limeshaanza kuuharibu.

"Mwalimu, hapa ni shule au soko?"

"Ni tahadhari, Bwana. Maji yanajaa saa nne."

Akaligeukia ziwa. "Yanajaa?"

"Saa nne kamili, Bwana."

"Vizuri sana. Twende tukayaone. Mimi ni mtu wa Pangani, nimeyakumbuka mno."

Mama yangu we! Katika wakaguzi wote wa Tanganyika nimeletewa aliyezaliwa na bahari mlangoni! Tukateremka ufukweni, mimi mbele, watoto kwa mstari, kijiji kizima nyuma, nikachomeka fimbo ukingoni mwa maji kama mtaalamu. Saa nne ikafika. Ikapita. Saa nne na nusu ziwa limetulia kama uji uliopoa, jua linatuchoma, na mimi nimekazia macho fimbo huku moyoni nikiwasumbua watakatifu mmoja baada ya mwingine.

Mara wimbi likaja! Likaimeza fimbo, likalowesha viatu vya mkaguzi! Nikaruka juu, nikapiga makofi, nadhani nilicheza kidogo. "Hiyo! Hiyo hapo! Imekuja!"

"Mwalimu," Agata akaninong'oneza kwa huruma, "hayo ni ya meli."

Meli ilikuwa imepita muda si mrefu, na kila mtu aliiona isipokuwa mtaalamu wa fimbo. Maji yakarudi mahali pake yakatulia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mkaguzi hakucheka. Alimgeukia mama yake Agata. "Mama, maji ya hapa hujaa saa ngapi?"

"Hayana saa, Bwana. Masika yanapanda, kiangazi yanashuka. Basi."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Hakuniuliza."

Maneno hayo, ndugu zangu, yalinichoma kuliko vicheko vyote. Mkaguzi akawauliza watoto maana ya neno na asili yake, wakamjibu barabara, wakati na Noeli na kila kitu, na hicho ndicho kilichoniokoa nisifukuzwe. Lakini kuthibitishwa, hapana. Akaniongezea mwaka mwingine wa kujaribiwa, palepale, na barua kwa baba niliiandika mwenyewe. Alasiri nzima nilibeba vikapu vya usipa kurudisha mchangani, na ule uliooza nikaufukia mwenyewe, na wanawake wale hawakunitukana hata neno moja. Afadhali wangenitukana.

Jumatatu Agata akanyoosha mkono tena. "Mwalimu, mvua zitaanza lini mwaka huu?" Darasa lote likanigeukia.

"Sijui," nikasema, na neno lenyewe lilitoka kwa shida kama jino. "Kamuulize mama yako, halafu kesho uje utufundishe."