Gitaa la Besi na Mpini wa Jembe

Hadi leo nikinusa vidole vyangu baada ya kupiga gitaa, ile harufu ya chuma kilichochanganyika na jasho hunirudisha Vitengeni, kwenye pembe ya kanisa letu, nikiwa na miaka kumi na mmoja na nimebanwa kama panya mtegoni.

Kanisa lilikuwa limechanga linunue gitaa la besi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeweza kufuata mapigo ya ngoma bila kupotea, nikachaguliwa kulipiga. Baba akanipeleka Malindi kulichagua. Baba alikuwa mkulima, na alikuwa na desturi yake: hakuna mtoto wake aliyelimia mpini wa mwingine. Alitupima mmoja mmoja, akatukatia mpini wa kimo chetu. Basi mle dukani akaninyoosha mkono wa kushoto, akaulaza kwenye shingo ya gitaa moja fupi, jekundu, lililopauka kidogo.

"Hili vidole vinafika mwisho na kiwiko kimekunjika," akasema. "Hili ndilo lako."

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa jeusi, refu, linalong'aa hata ukajiona meno. Na pale kaunta walisimama wasichana wawili wa mjini wakitutazama. Niliona haya.

"Baba, hili si jembe," nikasema.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye Kiswahili kitamu kuliko chetu, akacheka kwa upole. "Mtoto atakua, bwana. Chukua hilo refu."

Baba akalirudisha lile jekundu taratibu. Akatoa pesa za kanisa, akalipia jeusi.

Nyumbani mama aliponiona nalitua jeusi huku nahema, alisema tu, "Mchagua nazi hupata koroma."

Jumapili ile mchungaji akatuwekea mikono sote wawili, mimi na gitaa. Kwetu kitu kikishaombewa hakirudi dukani, na aliyeombewa nacho ndiye wa kukitumikia. Kuanzia hapo sikuwa na pa kutokea. Ili nifikie mwisho wa shingo ilinibidi nipinde mgongo, na mkanda ukanichimba bega hata likafanya sugu. Nyuzi zilinichubua vidole. Kupitia dirisha niliwaona wenzangu wakipasua matunda ya mabungo, nami nimeegemea ukuta ili uzito wa gitaa usinilemee, nikihesabu mapigo na kumwomba Mungu umeme upotee. Siku ulipopotea kweli, niliona furaha, kisha hofu ya kuadhibiwa mbinguni.

Kila Jumapili tukirudi nyumbani kutoka kanisani baba aliniuliza, "Linakutosha?"

"Linatosha, baba."

Miaka mitatu aliniuliza, miaka mitatu nikamjibu hivyo. Ningesemaje? Wale akina mama waliouza kuku ili linunuliwe walikaa safu ya mbele, wakinitabasamia. Na kukua kwenyewe sikukua. Hata leo naomba watu wanishushie sufuria za rafu ya juu.

Sasa nafundisha gitaa Kilifi. Mwanafunzi mpya akija, kabla hajaangalia rangi, namnyoosha mkono nione kiwiko. Wazazi hushangaa, huuliza nilisomea wapi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani na gitaa langu la shingo fupi. Baba, mvi tupu sasa, alilipokea, akalilaza magotini, akapapasa shingo yake kwa kidole gumba kama anayetafuta kibanzi.

"Baba," nikasema, "lile jeusi halikunitosha hata siku moja."

"Nilijua. Ulikuwa ukiegemea ukuta."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniambia si jembe. Nikaona labda mambo ya gitaa siyajui. Nikawa nakuuliza tu, nikingoja unifundishe."

Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba kanisani nilifungwa na maombi. Kumbe tulifungwa wawili, kwa neno langu moja la dukani, na yeye kila Jumapili alikuwa akija kugonga mlango.