Sikio na Kopo la Rangi

Shemeji yangu watu wanamwita Sikio, na jina hilo limeniuma kuliko jino lolote.

Tulianza kazi pamoja kabla kampuni ya mbao haijaja, enzi za msumeno wa watu wawili. Mnachimba shimo, mnalaza gogo juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Wa juu anaufuata mstari na kupigwa na upepo. Wa chini anavuta, anakula unga wa mbao, na akitoka humo hata mkewe anamtambua kwa sauti tu. Sikio alikuwa wa juu, mimi wa chini. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilimngoja miaka kumi na minane, na kilichoshuka ni unga wa mbao.

Kilichomweka juu ni kipaji chake. Kabla hatujakata mti, aliugonga mara tatu kwa kisogo cha shoka, akabandika sikio kwenye gome, akafumba macho kama anayeambiwa siri. Kisha neno moja: "Mzima," au "Mbovu." Mti mbovu ukiutazama kwa nje unapendeza, majani yamejaa, lakini moyo wake umeoza na ndani kuna pango. Ukiukata unaweza kupasuka na kukuangukia, na mbao hupati. Sikio hakukosea hata siku moja. Vijiji vitatu vilimjua.

Na mimi? Mimi pia niligonga. Niligonga Jumapili, peke yangu, nikinyata kama mwizi wa kuku, mpaka nikajifunza. Mti mzima unajibu kwa mkato, sauti kavu. Mbovu unachelewa kidogo, sauti inazunguka humo ndani kwanza ndipo itoke. Niliyajua hayo yote, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Kampuni ilipoingia na malori na misumeno ya injini, Sikio aliajiriwa siku ya kwanza. Walimpa kofia ngumu, buti na msumeno. Kazi yake ilikuwa kuwatangulia wakataji akigonga, kisha kukata pamoja nao. Mti mzima uliangushwa. Mti mbovu aliutia msalaba wa rangi nyekundu, ukaachwa, kwa sababu kampuni haina haja na pango. Mimi nilipewa kazi ya kubandua magome uwanjani, kwa ndala zangu mwenyewe.

Zile buti ziliniua. Mke wangu ni dada yake, kwa hiyo hata nyumbani sikupumzika. "Kaka kasema hivi." "Kaka kaezeka bati." Siku moja nikamwambia, "Basi hamia kwa kaka yako!" Akahamia kweli, siku tatu, na mimi nikala viazi vibichi nusu, vya kupika mwenyewe.

Baada ya miaka michache Sikio alibadilika. Unamsalimu njiani, anapita kama hakukuona. Akizungumza anapaza sauti kama anahutubia mkutano. Ukimwambia jambo, anakukodolea macho mdomoni kana kwamba anahesabu meno yako. Nikasema, haya, buti zimempanda kichwani. Kusema kweli nilifurahi. Ukimwonea mtu wivu halafu akawa na maringo, unajiona una haki.

Wakati huo msitu ulikuwa umetukimbia. Zamani ulianzia nyuma ya vyoo vyetu, sasa unatembea nusu asubuhi ndipo ukute kivuli. Vijito viwili vilikauka. Ikabaki chemchemi moja, chini ya miti kumi na mmoja mikubwa, na wanawake wote walipanga ndoo zao hapo. Sisi wanaume tulilalamika kwamba kampuni inaula msitu, kisha asubuhi tukaamka kwenda kuulisha mdomo huohuo.

Wakataji walipofika kwenye chemchemi, Sikio alitangulia kama kawaida. Akatia msalaba miti yote kumi na mmoja.

Yote? Jumapili nikaenda na shoka langu. Nikagonga wa kwanza: mzima. Wa pili: mzima, tena sauti kavu kama mfupa. Nilipomaliza wa kumi na moja nilicheka peke yangu mpaka ndege wakaruka. Nimempata!

Jumatatu nikamwendea msimamizi. "Bosi, kuna watu wanatia misalaba bila kusikiliza."

"Wewe unajua kusikiliza?"

"Kumzidi yeye."

Akanitazama kuanzia ndala kwenda juu. "Kesho, mbele ya wote. Ukisema kweli, kofia yake na buti zake ni zako."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilizivaa buti zile mara mia kitandani.

Kesho yake tulisimama kwenye chemchemi: msimamizi, wakataji na misumeno yao, na wanawake waliokuja kuchota maji, mke wangu akiwa wa tatu kwenye foleni. Msimamizi akamwambia Sikio agonge ule mti mkubwa kuliko yote. Akagonga, akabandika sikio, akafumba macho. "Mbovu!" akasema kwa sauti ya mkutano.

Nikafuata mimi. Nikagonga mara tatu, na mti ukajibu kwa mkato, sauti kavu, mzima kabisa. Hapo msumeno mmoja ukawashwa. Nikageuka kumtazama Sikio, nione hofu yake. Hakuwa anausikiliza mti. Alikuwa amekodolea macho midomo yangu, jasho linamtiririka, akisubiri iumbe neno. Mkataji aliyekuwa nyuma yake akamwita kwa nguvu asogee. Akaita tena. Sikio hakugeuka.

Hapo nikaelewa salamu zote ambazo hazikujibiwa. Msumeno wa injini ulikuwa umemmaliza masikio, na mimi mjinga nilikuwa nakonda kwa kumwonea wivu mtu juu ya kitu ambacho hana tena.

Mke wangu alikuwa ameinama na ndoo. Maji yalitoka katikati ya mizizi ya mti ule, membamba kama utambi.

"Haya, mtaalamu?" msimamizi akauliza.

Buti zilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwangu.

"Mbovu," nikasema.

"Na ile mingine?"

"Mibovu, bosi. Nilisikia vibaya."

Wakataji walicheka mpaka wakashika matumbo. "Rudi kwenye magome yako," msimamizi akasema. Wanawake walimpigia Sikio vigelegele. Mimi mke wangu alinitazama tu, akatikisa kichwa, akajitwika ndoo.

Wengine walipoondoka, Sikio alinishika mkono. Alijaribu kunong'ona, lakini sauti ikatoka kubwa vilevile. "Shemeji, niambie ukweli. Ulisikia nini?"

Nikamwambia polepole ili aone midomo. "Mizima. Yote."

Akakaa chini kwenye mizizi. "Mwaka wa tatu huu sisikii kitu ndani ya mti. Hii niliitia msalaba kwa ajili ya maji. Mingine nabahatisha. Mwezi uliopita mmoja ulipasuka, ukamkosa mkataji padogo. Nikasema ni upepo." Akafuta uso kwa kofia yake ngumu. "Ndoto mbaya nazijua mimi. Nisaidie."

Ningeweza kumwambia mengi. Nilimwambia aniombee kazi ya kubeba kopo la rangi.

Sasa tunatembea wawili. Yeye anagonga, anabandika sikio, anafumba macho kidogo tu, ili anione. Nikimpa kopo, mti ni mbovu. Nikilishikilia, ni mzima. Karibu na maji huwa nampa kopo kila mara, nasi tumemweleza msimamizi kwamba miti inayokunywa sana huoza moyo. Bado navaa ndala. Nyumbani bado nasikia, "Kaka hivi, kaka vile," na donge bado linanikaba, nisidanganye.

Juzi kwenye foleni ya maji nilimsikia mke wangu akijigamba kwamba kaka yake hajakosea hata mti mmoja tangu siku ile ya chemchemi. Ni kweli. Sijakosea.