Kiti chenye Msumari

Shemeji mtu alikuwa amelikodolea macho banda la gari tangu siku ya mazishi ya kaka yake. Mbele ya ukoo mzima akamwambia mjane, "Shemeji, banda limejaa makorokoro ya marehemu. Likiwa bado limejaa Jumamosi jioni, nalipangisha." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mjane ni fundi cherehani, na miaka yote alishona chumbani, magoti yakigusa kitanda, akilitamani banda lile. "Sawa," akasema. "Likiwa tupu, ni langu." Wakaitikia tena, maana nani aliamini ataliweza?

Jumamosi asubuhi alitoa kila kitu uani. Hakuvilaza chini kama maiti. Alivuta waya wa umeme kutoka dirishani. Redio ikaimba, feni ikapepea, pasi ikashika moto, birika likachemka. Marehemu alikuwa mtu wa kuokota vilivyotupwa na kuvifufua, na mkewe hakuwa tayari viitwe makorokoro. Aliyedai pasi ni mbovu aliambiwa aiguse. Majirani waliokuja kuchungulia waliondoka wamenunua na kubeba. Alasiri kilibaki kiti kimoja tu mlangoni pa banda, kile alichopenda kukalia marehemu.

Shemeji akafika, akaona mambo yameharibika, akajibwaga kitini. "Hiki hakiuzwi. Ni cha kaka yangu. Na banda lenye kiti si tupu."

Huyu hakukanyaga pale hata kaka yake alipokuwa hoi kitandani. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake; mwenyeji angejua kiti kile hukaliwa kwa kuegemea kushoto. Fundi akamgeukia muuza mkaa, jirani aliyekitaka kiti hicho tangu asubuhi.

"Kaka, bado unakitaka? Nilishakwambia, kulia kina msumari. Hunasa nguo mtu akiinuka."

"Nakitaka. Nyundo ninayo."

Kusikia msumari, shemeji aliruka. Suruali haikuruka naye yote, na mpasuko wake ulisikika hadi kwa jirani. Muuza mkaa akajitwika kiti, akaenda zake.

Fundi akaburuta cherehani yake hadi katikati ya sakafu tupu, akaketi, akatunga uzi.

"Ingia, shemeji, uvue," alisema bila kumtazama. "Shuka la kujistiri hilo hapo. Ila kwangu kazi hulipiwa kwanza."