Mgeni Aliyelia

Nina mdogo wangu mmoja ambaye nyumbani hatumtaji.

Alizaliwa masika, mwaka uleule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mbele kidogo ya Msowero. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo. Bibi ndiye aliyemzalisha mama. Mtoto alilia vizuri, akanyonya vizuri. Halafu, baada ya siku chache, kinywa kikakazana, mwili ukawa mgumu kama kuni, akafa. Wanawake walimzika migombani, nyuma ya nyumba, bila wanaume, bila matanga. Kwetu mtoto asiyefikisha arobaini huitwa mgeni. Hapewi jina wala haliliwi. Mama alirudi shambani maziwa yakimlowesha kanga.

Baada ya mavuno, nikiwa likizo tena, akaja bwana afya kutoka Kilosa, anauliza nani kazaliwa, nani kafa. Alitueleza wazi: wauguzi ni wachache, watapelekwa kwanza kule watoto wanakokufa sana.

"Shikamoo, bibi. Mwaka huu mmefiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa hajafa mtu."

"Andika jogoo wangu," jirani yetu akadakia. "Kaniacha mjane!"

Wanawake wakacheka. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Ungo ukasimama mikononi mwake.

Bwana afya akaanza kufunga daftari. Mimi hata darasani hujibu kwa kunong'ona. Lakini nilimtazama mama, maneno yakanitoka yenyewe. "Bibi, na mdogo wangu je? Si alilia?"

"Yule mgeni. Alikuja, karudi. Hebu nyamaza."

"Alilia," akasema mama. "Nilimsikia. Mwandike."

Bwana afya akauliza alivyokufa, akasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni pepopunda. Mama mjamzito akichomwa sindano, mtoto hukingwa. Kitovu mlikatia nini?"

"Kisu cha jikoni," akajibu bibi, akiangalia mikono yake.

Yule jirani wa jogoo akasema, "Na wangu." Mwingine naye nyuma yake, "Na wangu."

"Jina la mtoto?" bwana afya akamuuliza mama.

Bibi akainuka, akaingia ndani. Mama akataja jina. Kumbe alikuwa nalo muda wote.

Muuguzi aliletwa vuli. Mama alisimama pembeni, akiwatazama wenye mimba wakipandisha mikono ya magauni wachomwe sindano. Bibi hazalishi tena.

Lile jina hatulitaji. Hata hapa siliandiki.